DAKTARI ALIYETAMANI KUFA



Karatasi hii umepewa bure, labda uwanjani Nachingwea, labda sokoni Ruangwa, labda umeikuta kwenye kiti cha basi. Usiifungie karanga kwanza. Kaa chini kidogo uisome, maana huenda imekuja kwa ajili yako.

Tunasema na wewe unayeamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala. Chakula hakina ladha. Wenzako wakicheka nawe unacheka, lakini ni meno tu. Mikorosho inasubiri kupaliwa na wewe umekaa barazani tangu asubuhi, mguu hauinuki. Watu wanasema umekuwa mvivu. Usiku wenzako wakikoroma, wewe macho yako kwenye dari, na kuna sauti inakuambia kwamba bora usingekuwepo.

Tena huenda umeokoka! Hapo ndipo maumivu yanazidi, kwa sababu hujui umwambie nani. Ukimwambia ndugu wa kanisani atasema imani imepungua. Ukimwambia shangazi atasema umerogwa. Basi unanyamaza, Jumapili unavaa vizuri, unaimba pambio, unarudi nyumbani na giza lako.

Hebu leo tukusimulie habari za mtu mmoja wa Mungu. Jina lake unalijua tangu shule ya msingi: Dkt. David Livingstone. Mwalimu alikuambia ni mvumbuzi, na mwalimu mwingine akakuambia alifungua njia ya wakoloni. Mjadala huo upo na una haki yake, lakini si wa leo. Leo tunataka jambo ambalo mwalimu hakukuambia. Mtu huyu aliyekuwa shujaa wa dunia nzima alifika mahali akatamani kufa, na akaliandika jambo hilo kwa mkono wake mwenyewe katika daftari lake.

MTOTO WA KIWANDANI

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland. Familia nzima ililala chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 tu alipelekwa kufanya kazi kiwanda cha pamba, akaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 2 usiku. Kitabu chake alikiegesha juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila anapopita. Alipokuwa kijana alimpa Kristo maisha yake, akasomea udaktari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini kama mmisionari. Mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat wa Kuruman.

Sifa zake unazijua, tusizirudie zote. Alitembea kwa miguu kutoka Luanda, bahari ya magharibi, hadi Quelimane, bahari ya mashariki, akafika mwaka 1856. Alipokwenda Uingereza watu walimzunguka barabarani. Mwaka 1857 alihutubia wanafunzi wa Cambridge, na kutokana na mwito ule ikazaliwa ile misheni ya UMCA, ambayo mwaka 1876 ilileta watumwa waliokombolewa wakajenga Masasi, hapo jirani yetu. Kwa hiyo injili iliyofika kusini kwetu ina alama ya viatu vya mtu huyu, upende usipende.

Lakini nyuma ya sifa kulikuwa na nyumba inayolia. Mwaka 1850 mtoto wao mchanga, Elizabeth, alikufa akiwa na wiki sita tu. Mwaka 1852 Livingstone alimpandisha Mary merikebu pamoja na watoto wanne waende Uingereza, yeye akarudi porini. Miaka minne Mary alihangaika nchi ya baridi, hana nyumba ya kudumu, hana fedha, hana mume. Waandishi wa maisha yao wanasema alianza kutafuta nafuu kwenye pombe, na imani yake ikayumba. Watumishi wa Mungu, tusome hapo polepole. Tunawahubiria maelfu uwanjani, na mama watoto yuko nyumbani anazama taratibu, hakuna anayemwona.

CHINI YA MBUYU WA SHUPANGA

Mwaka 1858 Livingstone alirudi Afrika na safari kubwa ya serikali kwenye mto Zambezi. Kila kitu kilikwenda mrama. Mto ulikuwa na maporomoko ambayo meli haiwezi kupita, wazungu wenzake wakagombana naye, wamisionari waliokuja kwa mwito wake wakafa kwa homa, akiwemo Askofu Mackenzie, Januari 1862. Ndipo tabia yake ikaonekana wazi kwa waliokuwa naye. Alikuwa mtu wa kupanda na kushuka. Kuna majuma alifanya kazi kama watu kumi, na kuna majuma alinuna, hasemi na mtu, hasira iko puani. Baadhi ya waliochunguza maisha yake siku hizi wanaona kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa moyo na akili, si ubaya wa tabia peke yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1862 Mary akamfuata Zambezi. Walikuwa pamoja miezi michache tu. Homa ikampata, na tarehe 27 Aprili 1862, pale Shupanga, akafa. Walimzika chini ya mbuyu. Waliokuwepo walisimulia kwamba yule mtu mgumu, aliyepambana na simba hadi mkono ukavunjika, alilia kama mtoto mdogo. Siku zilizofuata aliandika katika daftari lake kwamba sasa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anataka kufa.

Ndugu, aliyeandika hivyo si mpagani. Ni mtu aliyekuwa ameokoka zaidi ya miaka 20, anasoma Biblia kila siku, anahubiri. Wala hakuacha kuamini jioni ile. Aliamini na huku anatamani kufa, vyote viwili moyo mmoja. Kama hujawahi kupita hapo huwezi kuelewa. Kama umepita, unaelewa bila kuambiwa.

Mwaka 1864 mwanawe mkubwa, Robert, ambaye baba hakupata kumlea, alikufa Marekani katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Alijiandikisha jeshini kwa jina la uongo, akakamatwa, akafia kambi ya wafungwa. Baba naye alikuja kukiri kwamba alijutia kutocheza na watoto wake walipokuwa wadogo.

ALIPOPITA KUSINI KWETU

Machi 1866 aliondoka Unguja, akashuka Mikindani, akashika njia ya Ruvuma. Alikuwa na askari wa Kihindi, watu wa Visiwa vya Ngazija, vijana waliokombolewa utumwani wakasomeshwa Nasik huko India, na wachache kutoka safari ya zamani. Kati ya hao tukumbuke wawili: Susi, mtu wa Shupanga, na Chuma, kijana wa Kiyao aliyefunguliwa minyororo mwaka 1861. Walipita kusini ya Newala na Masasi za leo, nchi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao.

Njaa ilikuwa kali, na njia ilikuwa ya biashara ya watumwa. Mwezi wa Juni alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa, kwa sababu alishindwa kutembea na wenzake na mwenye mali hakutaka mtu mwingine amwokote bure. Baadaye akaona wengine. Mtu mwenye moyo mzito tayari, sasa anapita njia kama hiyo. Kila siku anaandika, anaandika, kama vile kuandika kutamtapisha alichokiona.

Kisha wakaanza kumwacha mmoja mmoja. Wale wa Ngazija walikimbia wakarudi pwani na kutangaza kwamba amekufa. Januari 1867 wengine wakatoroka na sanduku la dawa. Daktari hana dawa! Aliona kama hukumu ya kifo imesomwa. Mwaka 1869 alifika Ujiji amebebwa, kichomi kimemlaza. Akavuka ziwa kwenda Manyema, huko Kongo ya leo, na kule vidonda vya miguu vikamfunga ndani ya nyumba muda mrefu. Hapo alisoma Biblia nzima, Mwanzo hadi Ufunuo, mara nne.

Mara nne, na giza halikuondoka! Tunalisema hili kwa makusudi, kwa sababu wako wahubiri watakaokuambia ukisoma Neno sana huzuni itakimbia siku hiyo hiyo. Wakati mwingine inakimbia, haleluya, tumeona. Wakati mwingine Neno halifukuzi usiku, linakushika mkono usiku. Mwandishi wa Zaburi ya 88 alimlilia Mungu tangu mstari wa kwanza, na zaburi yake ikaishia gizani. Roho Mtakatifu hakuifuta. Aliiacha ndani ya Biblia.

Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, anaangalia akina mama wakiuza samaki na kuku. Watu wa wafanya biashara ya watumwa wakafyatua bunduki katikati ya soko. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Jambo hilo lilimvunja kabisa. Aligeuka, akatembea miezi mitatu kurudi Ujiji, anaumwa tumbo, damu inamtoka, amebaki mifupa. Tumaini lake lilikuwa moja tu, kwamba Ujiji kuna nguo na shanga zake alizotumiwa za kununulia chakula.

Alifika Oktoba 1871. Mtu aliyeaminiwa kuzitunza alikuwa ameuza zote. Hakubakia hata kipande cha merikani.

MSAMARIA KUTOKA GAZETINI

Siku zile aliandika kwamba anajiona kama yule mtu wa Luka 10, aliyeshuka kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Tena akaongeza kwamba yeye hawezi hata kutumaini kuhani, wala Mlawi, wala Msamaria apite. Ona jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi! Mtu anaijua Biblia hadi mwisho wa mfano, lakini sehemu ya Msamaria anaona ni ya watu wengine. Ndivyo ilivyo na wewe, sivyo? Unaamini Yesu anaponya, ila si wewe.

Kumbe Msamaria alikuwa njiani. Alikuwa ametoka Bagamoyo miezi mingi nyuma, anakatisha nchi ya Ugogo na Unyamwezi, kabla Livingstone hajafika Ujiji, kabla hajaandika maneno yale. Siku chache baadaye Susi alikuja mbio, anapiga kelele kwamba mzungu anakuja. Alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York.

Nani alimtuma? Mwenye gazeti, apate kuuza magazeti. Stanley mwenyewe hakuwa mtu wa maombi. Alikuwa mtoto asiye na baba, aliyelelewa nyumba ya maskini huko Wales, mwenye moyo mgumu na wakati mwingine mkono mkali kwa wapagazi wake. Sisi walokole tungemwombea kwanza atubu ndipo atumike! Lakini Mungu alitazama mtumishi wake anayekufa kwa huzuni, akamchukua yule aliyekuwepo njiani.

Angalia vizuri sasa alichomletea. Hakumletea mahubiri. Alimletea begi la barua, zikiwemo za watoto wake. Alimletea habari za dunia, akakaa naye barazani wakaongea siku nzima. Alimletea chakula. Livingstone aliyekuwa akila mara mbili kwa siku, kidogo tena bila hamu, sasa alikula mara nne, na baada ya wiki moja aliandika kwamba nguvu zinarudi.

Hii haikuwa mara ya kwanza Mungu kufanya hivyo. Soma 1 Wafalme 19. Eliya alishusha moto Karmeli, na muda mfupi baadaye yuko chini ya mretemu anaomba afe. Malaika alikuja. Hakumkemea, wala hakumuuliza imani imekwenda wapi. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia tena ale. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, Horebu, baada ya usingizi na chakula.

Hapa mimi mwandishi lazima niseme la kwangu. Miaka iliyopita dada mmoja alinijia baada ya mkutano, tena huku huku kwetu kusini. Alikuwa amejifungua miezi miwili nyuma. Alisema hataki kumwona mtoto, hataki kuona mtu, anasikia kufa. Nilimwekea mikono, nikakemea kwa sauti kubwa, halafu nikamwambia afunge siku tatu. Sikumuuliza amekula lini. Mama mzee wa kanisa, hajui kusoma, ndiye aliyenifuata na kuniambia kwa adabu kwamba, baba mchungaji, yule mtoto amefunga tayari wiki nzima bila kuambiwa na mtu. Alimchukua kwake, akampikia uji wa ulezi, akamshika mtoto usiku ili mama alale, na Jumatatu akampeleka hospitali. Yule dada yupo leo, na mtoto ni mkubwa. Mimi nilikuwa na upako, yule bibi alikuwa na mkate wa malaika. Niliomba msamaha kwa wote wawili.

Turudi Ujiji. Homa ilimkamata Stanley, na Livingstone, yule aliyekuwa anakufa jana, akawa muuguzi wake. Wakapanda mtumbwi pamoja wakaenda kuangalia kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Miezi minne wakaishi pamoja. Stanley alikuja kusimulia mwenyewe kwamba maisha ya yule mzee yalimgeuza moyo, ingawa mzee hakujaribu kumhubiria. Waliagana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. Siku tano baadaye, siku ya kuzaliwa kwake, Livingstone aliandika sala fupi, akajitoa upya mzima mzima kwa Yesu wake.

ALIPOPIGA MAGOTI

Je, huzuni ilikwisha kabisa? Hapana, hatutakudanganya. Alikataa kurudi kwao, akaendelea kutafuta chanzo cha mto Nile mahali ambapo hakipo, mvua na tope na damu vikamrudia. Mwisho walimbeba kwa machela. Kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, walimjengea kibanda. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso kwenye mikono, amekwisha kwenda. Mtu aliyewahi kutamani kufa kwa kukata tamaa, miaka 11 baadaye alikufa akiwa anaomba.

Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa magome, wakaubeba hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Njiani walipata homa, vita na vitisho, na hawakuutupa. Alizikwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma baadaye aliwaongoza wamisionari wa UMCA katika safari za huku kusini.

Fikiri, mpendwa. Alipoandika kwamba hakuna Msamaria wa kumpitia, Susi na Chuma walikuwa wamelala hatua chache kutoka kwake. Walikuwa wamesafiri naye miaka mingi. Giza lilimzuia hata kuwahesabu.

SASA NI WEWE

Labda deni la salfa limekuzidi na bei ya korosho imeshuka. Labda umefiwa, au mume ameondoka, au hakuna sababu yoyote ile na ndiyo maana unaona aibu. Hospitalini ugonjwa huu wanauita sonona, na una matibabu. Kwenda kumwona daktari si kumkana Yesu. Yesu naye pale Gethsemane alisema moyo wake una huzuni kiasi cha kufa (Mathayo 26:38), akawaomba wenzake wakae naye. Kama Mwana wa Mungu aliomba watu wa kukaa naye, wewe ni nani ubaki peke yako? Kama usiku wa leo sauti ile inakuambia ukatishe maisha, usilale peke yako. Mwamshe mtu. Mwambie wazi wazi, kwa maneno hayo hayo. Na kukikucha akusindikize hospitali.

Na wewe uliye mzima, jirani yako aliyeacha kuja kwenye jumuiya, nenda. Usiende na Zaburi kumi. Nenda na ugali na samaki, kaa, sikiliza.

Jioni ya leo baada ya mahubiri, wale wenye mzigo huu msiondoke. Hamtaitwa mbele wala kutajwa majina. Upande wa kushoto wa jukwaa, chini ya mwembe, watakuwepo mama wazee na ndugu wachache, na chai. Mtaombewa kwa upole. Mwenye kutumia dawa za hospitali aje nazo mfukoni, hakuna atakayemwambia azitupe. Aliye mbali na nyumbani atasindikizwa.